Unasoma chuoni na unapaka hina? Yajue haya kabla ya msimu wa harusi

Mwezi wa Shaabani, Ramadhani inapokaribia, na tena baada ya Idi, harusi huandamana Mombasa na simu za wapaka hina hazinyamazi. Wengi wa wapakaji siku hizi ni wasichana walio vyuoni. Aliyefunzwa na shangazi yake nyumbani sasa anaweka picha za kazi yake mtandaoni, na wateja wanamtafuta kutoka Likoni hadi Kisauni. Hiyo ni biashara, hata kama mwenyewe anasema anasaidia watu tu. Ufundi anao. Kinachomwangusha mara nyingi ni bei.

Chukua mfano. Mmeagana shilingi 3,500 kumpaka bibi harusi mikono na miguu. Hina, mafuta na vikoni vimekula 700, nauli 300. Umebaki na 2,500, na kazi ni ya saa tano, yaani shilingi 500 kwa saa. Si haba. Lakini kabla hujafunga mkoba, mwenye shughuli anakuambia, "Mwanangu, na hawa wadogo zake wapake kidogo tu." Wadogo ni wanane! Saa tatu zaidi zimepita, hina ya 300 imeongezeka, na malipo ni yaleyale. Sasa unapata shilingi 275 kwa saa, na kipindi cha mchana chuoni kimekupita.

Kumkatalia mtu mzima ni vigumu, na hakuna haja ya kumkatalia. Mwambie, "Nitawapaka, mama, kila mkono ni shilingi 150." Ila bei hiyo iwe imetajwa siku ya kuagana: ni watu wangapi, wapi, saa ngapi, nani analipa nauli. Ujumbe wa simu unatosha kuwa kumbukumbu. Omba arbuni ya nusu, kwa sababu harusi huahirishwa na hina iliyokwisha kuvugwa haisubiri. Tarehe za mitihani ziandike kwenye kalenda kwanza, ndipo upokee miadi.

Jambo la piko lazima lisemwe waziwazi. Hina ya majani huacha rangi ya chungwa au kahawia. Ile nyeusi tititi inayokolea kwa muda mfupi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo yaweza kuchoma ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Mteja akiitaka, mweleze. Mtoto usimpake kabisa, hata mzazi akisisitiza.

Kuhusu picha, wengi hawajui kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawagusa. Picha ambayo mtu anatambulika ni taarifa yake binafsi, na huwezi kuitangazia biashara bila ridhaa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini. Kwetu sisi, ambako bibi harusi huenda hajitandui nje ya nyumba yake, hili ni suala la heshima kabla hata ya sheria. Piga picha ya mikono pekee, na bado uulize.

Ua lako pia halibaki mkononi mwa bibi harusi. Mwenye duka la nguo au hoteli anaweza kukuomba umchoree nakshi za vitambaa au kadi. Hapo soma vizuri. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mchoro uliojichorea ni wako tangu unapouchora, lakini ule ulioagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa hakimiliki yake aliyeuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo kabla ya kuupeleka, andikianeni: anautumia kwa kitu gani, kwa muda gani, na mchoro unabaki kuwa wa nani. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha.

Leseni za biashara ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ukikodi chumba au kibanda utahitaji leseni, na ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara kama ilivyo katika sheria ya fedha ya kaunti. Uliza ofisi ya leseni kabla ya kumlipa mwenye nyumba kodi. Jina la biashara husajiliwa na serikali ya kitaifa kupitia eCitizen. Huhitaji wakala, na usipoelewa utasaidiwa Huduma Centre. Tena, mwanafunzi mwenye PIN ya KRA anatakiwa kuwasilisha taarifa ya ushuru kila mwaka kufikia 30 Juni, hata kama hakupata senti. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000.

Mtaji wa hina ni mdogo, kwa hivyo usikimbilie mkopo. Pesa za HELB ni za karo na matumizi ya chuo. Zikiingia kwenye unga wa hina, muhula utakudai. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake na vijana bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3, nayo yawafaa marafiki wanaotaka kufungua chumba pamoja. Hazina ya Hasla hukopesha mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, lakini hulipwa kwa siku 14. Ukinunua bidhaa kwa mkopo huo leo na harusi ni mwezi ujao, deni litafika kabla ya malipo. Arbuni ya bibi harusi itakununulia hina hiyohiyo bila riba.