Matengenezo ya Boti ya Faiba Iliyopasuka



Januari 2024, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa kwa mkopo nafuu kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Boti ya mkopo ikipasuka, deni halipasuki pamoja nayo. Kwa hiyo matengenezo yake ni jambo la chama kizima.

Wavuvi wa Shirati na Kinesi, sehemu zilizokuwa za Tarime kabla ya Wilaya ya Rorya kuundwa mwaka 2007, wamezoea mitumbwi ya mbao. Mbao ikilowa huvimba na kuibana pamba iliyokalafatiwa. Faiba haivimbi. Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo rezini, na nguvu yake imo katika nyuzi. Kupaka rezini tupu juu ya ufa ni kuuficha tu. Maji yataendelea kupenya.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Boti ipandishwe kivulini, ioshwe na kukaushwa kabisa. Rezini haishiki penye maji wala mafuta.

2. Sehemu yote iliyovunjika ikwanguliwe hadi kufikia faiba nzima. Kingo zisagwe kwa mteremko wenye upana mara 12 ya unene: ukuta wa milimita 5 huhitaji sentimita 6 kila upande.

3. Kilo moja ya rezini ya poliesta ichanganywe na gramu 10 hadi 20 za hadina, kwa kufuata maelezo ya kopo. Ichanganywe kidogo kidogo, maana huganda upesi.

4. Vipande vya mkeka wa nyuzi vilowanishwe na kupangwa tabaka kwa tabaka, hewa ikitolewa kwa rola, hadi unene wa awali urejee. Kisha isuguliwe msasa na kupakwa rangi.

Fundi avae barakoa, miwani na glavu; hadina huweza kupofusha jicho. Moto na sigara viwe mbali.

Wanachama wa Serengeti wenye magari yenye bodi ya faiba wanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Lakini bampa nyingi za leo ni za plastiki, nazo rezini hii huzibanduka.

Katibu hana budi kuandika katika rejista ya mali tarehe, gharama na jina la fundi. Boti isirudi ziwani kabla Kamati haijaikagua, kwani humo hupanda watu.