Kibarua, Wenzake na Afya ya Akili

Mfanyakazi huwa mmoja wa watu wa kazini pale wenzake wanapolijua jina lake, wanapogundua kwamba leo hakufika, na wanapouliza kulikoni. Asiyeulizwa na yeyote yuko peke yake hata akiwa katikati ya umati, na upweke huo huidhuru akili sawa na uzito wa kazi yenyewe.

Jambo hili huonekana wazi Kamenu, wadi ya mji wa viwanda wa Thika, Kaunti ya Kiambu. Thika hutengeneza nguo, mafuta ya kupikia na mananasi ya mkebe, na wengi wa wanaovihudumia viwanda hivyo hupanga vyumba katika mitaa kama Makongeni. Alfajiri, watu husimama nje ya geti wakingoja msimamizi atoke kuchagua vibarua wa siku. Aliyeitwa jana anaweza kuachwa leo bila kuelezwa neno. Leo anapakia lori, kesho yuko kwenye mashine miongoni mwa watu asiowajua. Akiumwa hujikaza, maana akikosa siku moja nafasi yake ina mtu tayari.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile nzito ambayo anayeifanya hana usemi juu yake. Mwaka 1988 Jeffrey Johnson na Ellen Hall wakaongeza la tatu: msaada wa wenzake. Mzigo mkubwa, usemi mdogo na kukosa mtu wa kumwegemea vikikutana, mwili na akili huchakaa pamoja. Kibarua wa getini anavibeba vyote vitatu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2022 kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi.

Wakenya hawakungoja wataalamu ili wasaidiane. Mahali pengi pa kazi pana chama au welfea, yaani mfuko wa kusaidiana. Mmoja akifiwa, orodha hufunguliwa kwenye WhatsApp: jina na kiasi, jina na kiasi, kila anayetuma kwa M-Pesa akiongezwa chini. Fedha hizo hununua jeneza na kulipa gari la kupeleka mwili nyumbani, lakini aliyefiwa huyasoma majina pia, akajua nani yuko naye. Hapo ndipo akili inapopata nguvu ya kuhimili. Tatizo ni kwamba mchango wa welfea hutolewa kila mwezi, na asiyejua kama kesho ataitwa hawezi kuahidi. Hivyo anayeuhitaji msaada huo kuliko wote ndiye anayebaki nje yake.

Wafanyakazi wenza si madaktari, wala hawahitaji kuwa. Utafiti uliofanyika viungani mwa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa kujitolea, wasio wanasaikolojia, waliwapunguzia mfadhaiko wanawake waliopitia ukatili, kwa vikao vitano tu vya mazungumzo yenye utaratibu. Ugonjwa mkali unahitaji hospitali. Mathari, hospitali kuu ya taifa ya akili, iko kando ya barabara ya Thika, lakini jina lake limetumiwa kama tusi kwa miaka mingi kiasi kwamba wagonjwa huogopa kuonekana langoni. Mfanyakazi mwenza anayemsindikiza mgonjwa huko bila kumtangaza amefanya kazi kubwa.

Hata hivyo, wema wa wafanyakazi wenza hauwezi kuziba pengo la mkataba. Kuwapa watu fulana na keki mwisho wa mwaka, kisha kuwachagua upya kila asubuhi, hakuwafanyi wajione wa hapo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Akitimiza miezi miwili mfululizo, ana haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu. Kibarua ahifadhi kumbukumbu ya siku zake na aidai haki hiyo kupitia chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Naye mwajiri asingoje kudaiwa.