Shimo jeusi na galaksi yake: nani anaongoza nani?

Wandugu, sisi watu wa agronomia tunajua: mahindi na mtama vikistawi pamoja, haimaanishi kimoja kinalisha kingine. Labda ni udongo tu.

Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu lina uzito wa majua milioni 4. Lile la M87, kama miliari 6,5. Mwaka wa 2000, wanasayansi walionyesha kwamba pale nyota za kitovu cha galaksi zinakimbia zaidi, shimo nalo ni zito zaidi. Juu ya nini? Gazi moja inazaa nyota, tena inalisha shimo. Lakini shimo likikula, linatapika nguvu. Mule M87 nguvu hiyo inapasha gazi moto, na gazi ya moto haizai nyota. Kumbe udongo ni mmoja, ila shimo linaweza kufunga mufereji.