Jina Analojichagulia Mgonjwa: Kutoka Mbarara hadi Nakivale (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama kisukari na presha, maradhi ambayo mtu huyataja hadharani bila kushusha sauti: "Mimi wa sukari, chai yangu isitiwe sukari." Leo tunaingia kwenye maradhi ambayo jina lake hupimwa kabla ya kutamkwa, yaani maambukizi ya virusi vya UKIMWI (VVU). Tutayaangalia katika mji wa Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nchini Uganda.

Majina ya mwanzo hayakutoka kwa wagonjwa. Rakai, wilaya inayopakana na Isingiro, watu waliuita ugonjwa huu "slim" kwa sababu ulimkondesha mtu akabaki mifupa, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika jarida la kitabibu la Lancet. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, Tanzania, uliitwa "Juliana", jina la vazi lililopendwa wakati huo. Baadaye mitaa ya Afrika Mashariki ikaongeza ya kwake: ana mdudu, ana ngoma, kakanyaga waya. Magazeti nayo yakashika "mwathirika". Yote hayo humsema mtu akiwa hayupo. Hakuna linalomsaidia kujieleza mwenyewe.

Upinzani ulianza mapema. Juni 1983, mjini Denver, Marekani, kundi la watu wenye UKIMWI lilitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga, likisema hata "mgonjwa" ni jina la wakati fulani tu. Uganda ilipata njia yake mwaka 1987, pale Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari mwaka huo, alipoanzisha na wenzake TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ambalo baadaye lilifungua kituo Mbarara pia. TASO ilimwita anayefika kwake "mteja", mtu anayehudumiwa na kusikilizwa, na ikahimiza kuishi kwa matumaini. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huo.

Wakati huo mwili wenyewe ulikuwa ukimtangaza mtu. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure kwa wengi nchini Uganda, kuanzia mwaka 2004, hali ilibadilika. Leo anayemeza kidonge kimoja kwa siku bila kukosa anaweza kufikia kiwango ambacho virusi havionekani kwenye kipimo, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hana dalili ya kumsaliti, kwa hiyo kujitaja au kutojitaja kumekuwa uamuzi wake.

Anaamuaje? Watu wengi hudhani ni suala la ujasiri na aibu. Mimi naona ni suala la hesabu: nani anayenisikiliza, na jina hili litaniletea nini? Mtu yule yule anaweza kuwa "mteja" kliniki, "ninayeishi na virusi" katika kikundi cha wenzake, "niko kwenye dawa" kwa dada yake, na kwa mwenye nyumba asiwe na jina lolote. Hamdanganyi mtu; kila jina lina mlango wake.

Nakivale hesabu hiyo ni nzito zaidi. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, na leo yana Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili. Kila mmoja tayari amebeba jina ambalo hakulitafuta: mkimbizi. Kujitaja kuwa mgonjwa kunaweza kumsaidia, kwa kuwa mifumo ya ulinzi wa wakimbizi huorodhesha wenye mahitaji maalumu, wakiwemo wenye maradhi makubwa. Lakini jina hilo hilo liliwahi kufunga milango. Kuanzia mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia nchini humo, na mkimbizi alihitaji kuombewa ruhusa ya pekee. Zuio hilo liliondolewa Januari 2010. Katika miaka yote hiyo, kwa familia iliyokuwa ikingoja kuhamishiwa nchi ya tatu, kunyamaza kulikuwa na sababu.

Hata sheria ina uzito wake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 kuhusu VVU na UKIMWI inaadhibu kuambukiza kwa makusudi, na inamruhusu mhudumu wa afya, katika mazingira fulani, kumjulisha mwenzi wa mgonjwa. Anayejitaja anajua kwamba neno likishatoka haliwezi kurudishwa.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kampeni zinazomsukuma kila mtu ajitangaze ili aonekane shujaa. Lutaaya alichagua; hakusukumwa. Siungi mkono pia kumlinda mtu kwa kumficha asipotaka kufichwa. Mwandishi amuulize anayemhoji aitweje, kisha aandike hivyo. Mhudumu asiite jina na kliniki kwa pamoja mbele ya foleni. Jirani aliyeambiwa siri ajue ameaminiwa yeye peke yake.

Wapo hata hivyo ambao hawakupewa nafasi ya kuchagua: waliozaliwa na virusi, ambao wazazi wao waliamua waambiwe nini na lini. Hao tutawazungumzia wiki ijayo.