SARAFU YA ZAMANI: USIISUGUE, USIIUZE KWA PUPA

Mara nyingine mtu akilima huokota sarafu ya zamani. Mwingine huikuta ndani ya sanduku la marehemu babu. Dukani haipokelewi tena. Lakini wapo watu wanaokusanya sarafu hizo na kuzinunua mnadani. Hebu tuone wanavyozipima.

Uzee peke yake hautoshi
Wengi wetu tunadhani sarafu ikiwa ya zamani lazima iwe ghali. Sivyo. Ile sarafu kubwa ya fedha ya malkia Maria Theresa imeandikwa 1780. Kumbe iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, na mwaka ukabaki ule ule. Zipo nyingi sana.

Tutazame mfano wa Tabora. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walitengeneza sarafu pale. Za heller 20 zilikuwa zaidi ya milioni moja. Jina hilo ndilo lililotupa neno "hela". Za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilikuwa kama 16,000 tu. Mwaka ni mmoja, lakini ya tembo ni ghali mno.

Hali yake
Mnunuzi huitazama kwa kioo cha kukuza. Je, picha imelika? Ina mikwaruzo? Imetobolewa ili ivaliwe shingoni? Rangi imetulia? Sarafu mbili zinaweza kulika sawasawa, lakini moja ikavutia macho zaidi. Hiyo ndiyo itakayogombewa.

Basi, usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Rangi iliyokolea kwa miaka mingi ndiyo wanayoipenda. Ukiing'arisha, kwao umeiharibu. Bei hushuka, na rangi ile hairudi tena. Ishike ukingoni, uso wake usiuguse.

Mnadani
Mnada huu ni kama ule wa ng'ombe. Dalali hutaja bei, wanunuzi hupandisha, wa juu huchukua. Wakiitaka wawili, bei hupanda. Akiwa mmoja, bei hulala. Kwa hiyo mwenye mali hupatana mapema na dalali juu ya bei ya chini kabisa.

Mnunuzi mwenye akili huikagua sarafu kabla ya mnada. Huandika mwisho wake kwenye karatasi, akihesabu na ada ya dalali. Bei ikipita hapo, hunyamaza. Anayeshindana kwa hasira hurudi nyumbani na sarafu moja na mfuko mtupu.

Sheria
Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kama sarafu za kale za Kilwa. Ukiokota kitu cha namna hiyo, toa taarifa serikalini. Usikiuze.

Na akija mtu mlangoni na noti mkononi, akikuhimiza umwuzie sasa hivi, mwambie asubiri. Soma maandishi na mwaka wa sarafu yako, uandike. Kisha uliza bei kwa watu zaidi ya mmoja. Sasa unajua kusoma; usikubali kupunjwa.