Nyanya zikinyauka, zipime kwa maji kabla ya kununua dawa

ILULA, wilayani Kilolo mkoani Iringa, familia nyingi hutegemea fedha ya nyanya. Ndiyo maana mche ukinyauka ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani, mzazi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure.

Mnyauko wa namna hiyo kwa kawaida huletwa na bakteria wa udongoni aitwaye Ralstonia solanacearum. Dawa ya ukungu haimuui, na hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mmea aliokwisha kuuingia.

Bakteria hawa huwasiliana kwa kemikali. Wakiwa wachache ndani ya mmea, hutulia. Wakiongezeka, kemikali yao nayo huongezeka, na hiyo ndiyo ishara ya kushambulia. Hapo hutengeneza utelezi mzito unaoziba mirija ya maji. Nyanya hufa kwa kiu hata kama umemwagilia asubuhi.

Wana maneno na kuvu pia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, na wenzao walieleza kuwa bakteria huyu hutoa kemikali iitwayo ralsolamaisini. Kuvu wakiipata hujenga vijimbegu vyenye kuta nene, na bakteria huweza kuingia ndani yake. Baadhi ya kuvu aina ya fusari nao hujibu kwa kutoa bikaverini, kemikali nyekundu ya kujikinga.

Kwa mkulima, jambo la kukumbuka ni kwamba maadui hawa wawili hukaa udongo mmoja, na fusari naye hunyausha nyanya. Usibahatishe, pima.

Kata kipande cha shina karibu na ardhi. Kining'inize kwenye maji safi ndani ya chupa ya plastiki inayoonyesha, iliyokatwa juu. Usitumie glasi ya kunywea. Subiri dakika chache bila kutikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huyo ni bakteria. Usipouona, na majani ya chini yalianza kuwa ya njano, huenda ni fusari. Mwonyeshe afisa ugani.

Akiwa bakteria, ng'oa mche mzima na mizizi yake, uuchome. Usiutupe mferejini, kwa sababu maji yatampelekea jirani. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia shamba jingine. Msimu unaofuata usipande hapo nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hoho. Panda mahindi au vitunguu, na usiharakishe kurudisha nyanya.

Fedha ya dawa uliyoiokoa, nunulia miche kutoka kitalu unachokijua. Kipimo chenyewe hata mwanao wa darasa la tano anaweza kukifanya nawe jioni.