Mawe ya Babu na Somo la Osaka

Katika nyumba yetu ya Likoni, miaka ya 1980, redio ya marehemu babu ilikuwa na cheo chake. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, wala hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa ila siku ya kuanika mawe. Mawe, kwa msomaji asiyelijua neno hilo, ndiyo betri; yakipungua nguvu tuliyaweka juani ili yapate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Usoni mwa redio hiyo paliandikwa neno moja: National. Babu hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba humo ndimo ilimotoka Idhaa ya Taifa. Alikuwa amelifasiri neno bila ya kukusudia.

Jina hilo lina kisa chake. Konosuke Matsushita, aliyezaliwa Japani mwaka 1894, alitolewa shuleni akiwa na miaka 9 akapelekwa Osaka kutumikia duka la majiko ya makaa, kisha duka la baiskeli. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya umeme, akapita nyumba hadi nyumba akitandaza nyaya. Alijaribu masomo ya jioni, lakini hakuyamaliza kwa sababu kuandika kulimtatiza. Mwaka 1918, pamoja na mkewe Mumeno na shemeji yake Toshio Iue, alianza kutengeneza vifaa vidogo vya umeme katika nyumba ya kupanga.

Mwaka 1923 alibuni taa ya baiskeli itumiayo betri. Wauzaji waliikataa, naye akaziacha taa zikiwaka madukani mwao ili wajionee wenyewe muda zinaodumu. Mwaka 1927, alipotafuta jina la taa mpya, alikutana gazetini na neno la Kiingereza asilolijua. Alifungua kamusi, akakuta maana yake inahusu watu wote wa nchi. Akalichukua. Katika miaka ya 1960 kampuni yake ilifika Dar es Salaam, ikajenga kiwanda cha betri na redio. Iue naye alikwisha kujitenga mwaka 1947 na kuanzisha Sanyo, yaani bahari tatu, mojawapo ikiwa hii yetu ya Hindi. Mwaka 2008 kampuni kongwe iliacha jina la Matsushita, ikajiita Panasonic.

Wengi husimulia kisa hiki ili kusifu bidii. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naona jambo jingine. Herufi ambayo Wajapani huandikia umeme asili yake ni radi imulikayo mawinguni, sawasawa na neno letu umeme. Betri huiita denchi, yaani bwawa la umeme. Kijana aliyekatiziwa masomo aliweza kuufahamu ufundi kwa sababu majina ya vitu yalikuwa katika lugha aliyonyonya kwa mamaye. Lugha pekee haikumtajirisha, lakini haikumfungia mlango.

Sisi je? Karibu na kivuko cha Likoni yupo kijana atengenezaye redio na simu. Aliniambia kwamba aliacha mafunzo katika chuo kimoja, si kwa kushindwa kazi ya mikono, bali kwa kushindwa kuandika kwa Kiingereza yale ambayo vidole vyake vinayajua. Nilipomtaka anieleze kazi ya kapasita, alijibu: “Mwalimu, hii ni mtungi. Hujazwa stima, kisha ikamwaga inapohitajika.” Sijapata kusikia maelezo bora zaidi. Hata hivyo, mbele ya mtihani, kijana huyu anahesabiwa kuwa hajui.

Mawe, stima, mtungi: msamiati wa ufundi tunao, umetapakaa vibandani Kongowea, Changamwe na Likoni, nao hufa na wenyewe. Ni wajibu wetu wasomi kwenda kuukusanya, kuusanifu, na kuandika vitabu vya ufundi wa umeme kwa Kiswahili. Na ni wajibu wa vyuo kuwaruhusu vijana kujibu mtihani kwa lugha wanayofanyia kazi. Tusidhani kwamba tunawahurumia. Huenda tayari mmoja wao amekodi chumba, yuko na mkewe na shemeji yake, naye anasubiri tu mlango ufunguliwe.